Mchanga Usioshika Barafu

Eilif Nergård hakuwa na gari. Hakuwa na msaidizi, wala maabara, wala filamu ya kamera, maana ile ya mwisho ilikatika kwa baridi asubuhi ile ile alipojaribu kuizungusha. Hakuwa na viatu vyenye meno vya kutembelea juu ya barafu. Elimu ya ndege hakuwa nayo hata kidogo. Katika miaka kumi na tisa ya upelelezi alikuwa amewaandama wezi wa nyavu, wachoma maghala, na mtu mmoja aliyemtilia mkewe sumu ya panya kwenye supu, lakini hajawahi kuulizwa kwa nini chombo cha tani tano kiligoma kusimama. Na kuliko yote hayo, hakuwa na muda. Saa ya ukutani katika gereji ya uwanja wa ndege wa Rypneset ilisema saa tatu asubuhi. Meli ya pwani, ambayo ndiyo huchukua barua, ingepita saa tisa alasiri. Na kule baharini, wingu la rangi ya risasi lilikuwa linajikusanya. Theluji ikianguka, kila kilichoandikwa juu ya njia ya ndege kingefutika.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Siku ya Jumanne, saa saba na dakika arobaini na moja mchana, ndege ndogo yenye abiria kumi na mmoja ilitua Rypneset, ikaserereka njia nzima, ikapita mwisho na kuangukia mawe ya ufukweni. Abiria kumi walitoka na mifupa iliyovunjika. Wa kumi na moja, Bi Petra Olsnes, mkunga wa wilaya, alitolewa amekwisha kufa. Rubani, kabla ya kupoteza fahamu, alisema maneno mawili tu: hakuna breki.

Lakini rubani huyo alikuwa ameambiwa kwa redio kwamba msuguano wa njia ni thelathini na nane. Kwa watu wa kazi hii, arobaini ni njia nzuri, thelathini ni ya kuvumilia, na ishirini ni kioo. Dakika ishirini baada ya ajali njia ilipimwa tena. Ikatoka kumi na sita. Hapakuwa na theluji iliyoanguka katikati, wala mvua, wala joto.

Kipimo cha kwanza kilikuwa cha Torleif Isaksen, mwenye miaka sitini na moja. Mwendesha mashtaka kule mjini alikwisha kuandika hati yake: mzee huyu hakupima, alibuni nambari akiwa ameketi mbele ya kahawa. Ripoti ya Eilif isipofika Jumatatu asubuhi na ushahidi wa kusema vingine, Torleif angeshtakiwa kwa kughushi kipimo na kusababisha kifo. Eilif alikuwa amejaribu simu. Aliambiwa kwamba simu si ushahidi. Yatakiwa maandishi, sahihi, na vitu vyenyewe. Na meli ya leo Ijumaa ndiyo pekee ambayo ingefika mjini kabla ya Jumatatu.

Torleif alikuwa ameketi kwenye benchi la gereji, kofia ya sufu imeshuka hadi kwenye nyusi, kipande cha sukari kati ya meno, anaipitisha kahawa juu yake. Usiku wa Jumatano mtu alikuwa amemwaga matumbo ya samaki mlangoni kwake. Hakulalamika. Aliyasafisha kwa koleo akaja kazini.

"Mzee Torleif, ulipima?"

"Nilipima."

"Saa ngapi?"

"Saa saba na dakika kumi."

"Ukapata nini?"

"Mwanzo wa njia thelathini na tisa, katikati thelathini na nane, mwisho thelathini na saba. Hii ni mara ya sita nayasema. Ukitaka niyaimbe, subiri Jumapili."

Eilif alitandaza juu ya meza utepe wa karatasi uliotoka kwenye kifaa. Mstari wa wino ulikwenda juu chini kama meno ya msumeno butu, na pembeni palichapwa saa.

"Utepe unasema saa sita na dakika kumi. Daftari lako linasema saa saba na dakika kumi. Saa nzima imekwenda wapi?"

Torleif aliutazama utepe, kisha akamtazama mpelelezi.

"Nani kakutuma wewe?"

"Serikali."

"Basi serikali inunue saa ya pili. Panda mnarani, kamuulize Gunnvor."

Gunnvor Steen, mwongozaji wa ndege, alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kiume, na mnara wake ulinuka mkate na jibini ya kahawia. Eilif alipomweleza shida yake, mama huyo alinyoosha kisu chenye jibini kuelekea ukutani. Palikuwa na saa mbili, moja iko nyuma ya nyingine kwa saa moja kamili.

"Hii ni ya kujua lini nile," alisema. "Na hii ni ya ndege. Ndege zote duniani zinatumia saa moja, afande, la sivyo rubani wa huku na wa Brazili watakutana hewani wakibishana. Majira ya baridi sisi tuko mbele yake kwa saa moja. Kifaa cha Torleif kimefungwa kwenye hii ya ndege. Saa sita na kumi ya utepe ni saa saba na kumi ya tumbo langu."

"Mwendesha mashtaka halijui hilo?"

"Mwendesha mashtaka hajapanda ngazi hii."

"Kwa hiyo mzee alipima, na alipima nusu saa tu kabla ya ndege kutua."

"Nilimwona kwa macho yangu akienda na kurudi. Nimewaambia. Wakaniuliza kama mimi ni ndugu yake."

"Na wewe ni ndugu yake?"

"Rypneset nzima ni ndugu, afande. Ungeuliza nani si ndugu, ungemaliza mapema."

Eilif aliandika. Nguzo kubwa ya hati ya mashtaka ilikuwa imeanguka kwa dakika tano, lakini hakushuka ngazi kwa furaha. Alikuwa ameliona daftari la hali ya hewa mezani kwa Gunnvor. Jumanne nzima: baridi nyuzi kumi na nne chini ya sifuri, anga safi, upepo mwepesi kutoka bara. Kama thelathini na nane ilikuwa kweli saa saba na kumi, nani aliigeuza kuwa kumi na sita? Mwendesha mashtaka angejibu upesi: kifaa ni kibovu, na mzee alijua. Hilo lilipaswa kukatwa kwanza.

"Nipeleke njiani," alimwambia Torleif. "Nataka kuona nambari inavyozaliwa."

Gari la kupimia lilikuwa gari la kawaida la rangi ya njano, isipokuwa chini ya tumbo lake, upande wa nyuma, palikuwa na gurudumu la tano. Torleif alilishusha kwa swichi. Gurudumu hilo, alieleza, limefungwa kwa mnyororo ili lizunguke polepole kuliko yale manne. Kwa hiyo linaburuzwa kidogo, na kifaa kinapima ardhi inavyolikatalia. Ardhi ikikataa sana, breki za ndege zitashika. Ikikubali, hazitashika.

Walianza kwenye uwanja mdogo mbele ya gereji, ambako mabomba ya maji moto yalipita chini na lami ilikuwa kavu.

"Hapa lazima isome themanini na kitu," Torleif alisema. "Ikisoma pungufu, mimi ni mwongo."

Kalamu ilipanda. Themanini na mbili.

Kisha waliingia kwenye njia yenyewe. Torleif alikanyaga mafuta hadi mshale ukapita tisini, mita tatu kutoka mstari wa katikati, pale magurudumu ya ndege yanapopita. Eilif alishika dashibodi kwa mikono miwili. Pembeni kuta za theluji zilikimbia kama kitambaa kinachopasuliwa, na mbele, mwisho wa njia, bahari ilikuwa inawajia. Kalamu ilikuwa imelala chini ya utepe.

"Kumi na saba," Torleif alisema, akakanyaga breki mapema sana, kama mtu aliyezaliwa juu ya barafu. Gari liliteleza, likajipinda kidogo, likasimama.

"Kifaa ni kizima," Eilif alisema alipopata pumzi. "Kwa hiyo nieleze, mzee. Barafu ni ile ile. Baridi ni ile ile. Jumanne kulikuwa na kitu gani juu ya njia hii ambacho leo hakipo?"

Mzee alizima taa ya kifaa.

"Mchanga. Niliweka mchanga kabla ya kupima."

"Kiasi gani?"

"Tani mbili na nusu. Zimo daftarini."

"Na sasa uko wapi?"

Torleif aligeuza gari. "Uliniuliza kama nilipima. Nimekuonyesha kwamba nilipima. Mimi sina zaidi."

Eilif alikuwa amehoji watu wengi, na alijua tofauti ya mtu asiyejua na mtu aliyefunga mlango. Huyu alikuwa amefunga mlango na kuketi nyuma yake. Jambo la ajabu ni kwamba alikuwa ameufunga mlango ambao huenda ndiyo njia yake pekee ya kutokea.

Saa tano na nusu Eilif alirudi njiani kwa miguu, peke yake. Gunnvor alimpa redio ya mkononi na Torleif alimwazima, bila kuombwa, viatu vyenye meno. Alikuwa na futi ya utepe, bahasha nane na kijiko cha chai. Wingu lilikuwa limefunika visiwa vya nje, na chembe za kwanza za theluji zilianza kupita hewani, moja moja.

Alianza katikati. Alipiga magoti kila hatua hamsini akapitisha kiganja. Barafu ilikuwa laini, ya kijivu, tupu. Tani mbili na nusu, na hakuna punje ya kutosha kujaza kijiko. Basi aligeuka kulia na kutembea kuelekea ukutani, anahesabu. Mita kumi na nne kutoka katikati, chini ya ukuta wa theluji upande wa magharibi, aliona mstari wa rangi ya kahawia, umenyooka kama mshono wa suruali, unakwenda mpaka macho yanapoishia.

Mchanga.

Kwanza alifikiri ni upepo, na aliinama kuhakikisha. Upepo kweli ulitoka bara, upande wa mashariki, na ungeweza kuuleta huku. Lakini upepo ni mchaguzi. Huchukua vumbi ukaacha kokoto. Hapa vumbi na punje nene kama mchele zilikuwa zimelala pamoja, zimerundikwa. Na upepo haupigi mstari wa rula. Alichota kijiko kimoja, akakimimina kwenye bahasha. Punje zilishuka moja moja, kavu, safi, hazina ngozi ya barafu. Katika kijiko cha tatu kitu kilimchoma kidole. Alikitoa kwa kucha: kipande cha waya wa chuma, urefu wa kidole gumba, kimepinda mwishoni. Akapata cha pili hatua sita mbele. Cha tatu kilikuwa kimesimama wima ndani ya mchanga kama sindano.

Alitia saini bahasha nne, akaandika umbali juu ya kila moja. Alipoinuka, theluji ilikuwa inaanguka kwa dhati, na mstari wa kahawia nyuma yake ulikuwa umeanza kupauka.

Alipanda mnarani ana theluji mabegani.

"Bi Gunnvor, kanda ya redio ya Jumanne. Wenzangu walisikiliza kuanzia wapi?"

"Waliomba kuanzia ndege ilipoita mara ya kwanza. Saa saba na dakika thelathini na tano."

"Na kabla ya hapo?"

"Hakuna aliyeomba."

"Mimi naomba. Anzia saa saba na kumi."

Kanda ilizunguka. Sauti ya Torleif ikasoma nambari tatu, kavu, bila salamu, ikatoka. Kisha mkwaruzo mtupu. Eilif alitazama saa yake ya mkononi, akiwaza meli: saa sita na dakika kumi na mbili. Mkwaruzo uliendelea. Halafu ikaja sauti ya kijana, yenye uchangamfu.

"Mnara, gari la brashi. Kuna vumbi la theluji katikati. Naomba kuingia nilipanguse kabla ya wageni."

"Ingia, Jostein. Una dakika kumi na tisa."

"Zinatosha, na kahawa nitakunywa."

Gunnvor alibonyeza kitufe, kanda ikasimama. Mkono wake ulikuwa umepanda mdomoni.

"Saa saba na ishirini na mbili," alisema. "Akatoka saa saba na thelathini na tatu. Lakini anafagia kila siku, afande. Kila siku. Mimi hata sikumbuki tena wanapofagia."

"Kwa nini halimo katika daftari la zamu?"

"Daftari lina sehemu ya theluji, sehemu ya mchanga, sehemu ya chumvi. Kufagia hakuandikwi. Nani anaandika kwamba amefuta meza?"

Jostein Bakkejord alikuwa katika gereji ya pili, amelala chini ya gari lake la brashi, miguu tu nje. Alikuwa mume wa binti ya Torleif, baba wa watoto wawili, na wote wawili Bi Petra ndiye aliyewapokea duniani. Alitoka chini ya gari akijipangusa grisi, akatabasamu tabasamu la mtu asiyelala vizuri.

"Karibu, afande. Kahawa iko pale, lakini ni ya jana. Ukiinywa ukafa, usinishtaki."

Eilif aliweka vipande vitatu vya waya juu ya meza ya vyuma. Kisha akaenda kwenye brashi, ambayo ilikuwa kubwa kama pipa na ndefu kama boti, akachomoa waya mmoja, akauweka wa nne. Zilikuwa nne za mama mmoja.

"Ulifagia Jumanne, dakika nane kabla ndege haijatua."

"Nilifagia. Ndiyo."

"Hukusema."

"Mliniuliza nimefanya nini baada ya ajali. Nikasema: nimekimbia na shoka, nimevunja mlango, nimetoa watu. Kabla ya ajali hakuna aliyeniuliza. Na kufagia kuna ubaya gani? Kufagia hakujawahi kuharibu njia. Unatoa vumbi, mchanga unabaki, nambari inapanda."

"Mchanga unabaki?"

"Huo wa moto? Njoo nikuonyeshe."

Alimtoa nje, hadi pembe ya maegesho ya ndege, akafyeka theluji mpya kwa buti. Chini yake barafu ilikuwa na vipele vya kahawia, kama karatasi ya msasa. "Huu niliumwaga mwezi uliopita. Tunauchoma kwenye tanuri mpaka nyuzi mia mbili, unamwagwa ukiwa unatoa moshi, kila punje inajichimbia shimo lake, halafu barafu inaifunga. Piga."

Alimpa patasi. Eilif alipiga. Punje hazikutoka.

"Umeona? Majira mawili ya baridi sasa hatujaweka mchanga usiochomwa. Brashi inaupapasa tu."

Eilif alitoa bahasha moja mfukoni, akaimimina nusu katika kiganja cha Jostein. Kijana alizitazama punje. Akazigeuza kwa kidole. Zilikimbia kiganjani kama mbegu.

"Umeutoa wapi?"

"Chini ya ukuta wa magharibi. Mstari mmoja, njia nzima. Pamoja na waya zako."

Theluji ilikuwa inawaangukia wote wawili. Jostein aliinua punje moja hadi karibu na jicho.

"Huu haujapikwa," alisema. "Huu ni mbichi. Nani ameweka mchanga mbichi?" Halafu uso wake ukawa wa rangi ile ile ya barafu. "Zamu yangu ilianza saa saba na robo. Ulikuwa umeshawekwa. Kwenye ubao wa zamu paliandikwa: mchanga umewekwa, thelathini na nane. Basi. Mimi nikaona vumbi la theluji likipeperuka juu yake, nikasema... Afande. Ni mimi niliyeutoa?"

"Baba mkwe wako hakukuambia kwamba hakuuchoma?"

Jostein alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha yoyote. "Baba mkwe wangu hajaniambia hata habari za asubuhi tangu Krismasi. Nilisema mezani, mbele ya watu, kwamba ile mashua aliyoiunda imepinda upande wa kushoto. Na kweli imepinda. Tangu siku hiyo tunaandikiana ubaoni. Anaandika maneno matatu, mimi naandika mawili."

Eilif alikwenda kwenye banda la tanuri. Mlango wa chuma ulikuwa umejaa chaki: Torleif, mtu wa utaratibu, aliandika tarehe na joto la kila upishi. Jumapili mia mbili na tano. Jumatatu mia moja na tisini na nane, na pembeni: usiku mvua imeganda juu yake wote. Jumatano mia mbili, kwa majaribio tu, njia ikiwa imefungwa. Jumanne hapakuwa na kitu. Chini ya bomba la mafuta kulikuwa na ndoo, na ndani ya ndoo kichujio cha zamani, kimeganda, kimeziba kwa nta nyeusi ya mafuta yaliyogandishwa na baridi. Kipya kilikuwa kimefungwa mahali pake. Eilif alikitia kile cha zamani katika bahasha kubwa. Ilikuwa saa saba na nusu. Meli, ikiwa haijachelewa, ilikuwa inazunguka rasi.

Torleif hakuinuka kwenye benchi lake. Eilif alikaa mkabala naye, akapanga mezani: waya, mchanga, kichujio. Hakuuliza. Alisimulia, kwa sauti ya kusoma orodha, tangu kichujio kilipoziba asubuhi ya Jumanne hadi gari la brashi lilipotoka njiani.

"Uliweka mchanga baridi kwa sababu ndege ilikuwa njiani na tanuri lilikuwa limekufa. Ni sawa, kitabu cha kanuni kinaruhusu. Ukapima mchanga ukiwa juu ya barafu, ukapata thelathini na nane. Ni kweli. Kisha ukaandika ubaoni, ukaenda kurekebisha tanuri. Ulijua lini?"

Mzee alitoa sukari mdomoni akaiweka kwenye kisosi.

"King'ora kilipolia. Nilikimbia, nikapita karibu na gari lake. Nikaona mchanga umejaa kwenye brashi."

"Na siku tatu hizi ukakaa kimya."

"Wewe ungefanya nini? Ukisema mchanga ni baridi, swali la pili ni nani aliyeutoa. Yule ana watoto wadogo. Mimi nina mashua iliyopinda." Alitazama mikono yake. "Nilidhani watapima kifaa, wataona ni kizima, watachoka, wataniacha. Sikujua kwamba wataandika kughushi. Miaka ishirini na miwili sijaandika nambari ambayo sikuipima. Hata siku ya mazishi ya mke wangu nilikuja nikapima kwanza."

Mlango ulifunguka. Jostein aliingia na theluji yake, akasimama. Hakuna aliyemwambia akae.

"Baba mkwe," alisema. "Ungeniambia tu. Hata kwa kunitukana. Ungesema, we mjinga, mchanga ni mbichi, usiguse. Ningeacha."

"Najua ungeacha."

"Basi?"

"Nilichukua chaki nikaanza kuandika 'baridi'," Torleif alisema. "Nikaona unakuja. Sikutaka unikute hapo nikikuandikia barua ndefu. Nikaweka chaki chini."

Eilif alichomoa kalamu. Saa nane kasorobo.

Aliandika kwa herufi kubwa zilizotengana, kama alivyofundishwa. Aliandika kwamba saa ya utepe ni saa ya ndege, na kwamba kipimo cha thelathini na nane kilichukuliwa kweli, dakika thelathini na moja kabla ya kutua. Aliandika kwamba kifaa kimejaribiwa mbele yake. Aliandika mahali pa mchanga, umbali wake, waya, na dakika za kanda. Aliandika kwamba dereva wa brashi alifagia kwa nia njema, akiamini mchanga umepikwa, na kwamba hakuna amri popote, hapa wala katika viwanja vingine vya pwani hii, inayotaka njia ipimwe tena baada ya kufagiwa. Na kwamba amri hiyo inapaswa kutolewa leo, si kesho, maana brashi zinazunguka kila mahali hivi sasa. Alisoma kwa sauti. Jostein alitia sahihi maelezo yake bila kuyasoma mara ya pili.

Torleif alisikiliza mpaka mwisho.

"Hujaandika kwamba sikumwambia."

"Nimeandika kwamba habari ya mchanga baridi haikumfikia dereva."

"Haikumfikia. Kama barua iliyopotea njiani." Mzee alisogeza kikombe. "Andika: Torleif Isaksen alijua, alikuwa na chaki mkononi, hakusema, kwa sababu ya ugomvi wa nyumbani."

"Mzee, hilo silazimiki kuliandika. Hati ya kughushi imekwisha kufa. Ukiweka sentensi hiyo, wanaweza kukushtaki upya kwa uzembe. Petra amekufa. Watalitumia."

"Watanishtaki?"

"Wanaweza."

"Basi liwe lile nililolifanya."

"Baba mkwe, acha," Jostein alisema. "Tafadhali."

"Wewe nyamaza, leo nimeanza kusema." Alimgeukia Eilif. "Ile ya kwanza sikuifanya, na imenikondesha siku tatu. Hii nimeifanya. Nitaibeba. Andika, kijana, meli haimsubiri mtu."

Kwa mbali, chini ya bandari, honi ililia mara moja.

Eilif aliandika. Sentensi moja, mistari miwili, kwenye ukurasa wa peke yake. Torleif alivaa miwani, akaisoma kidole kikifuata maneno, akatia sahihi chini yake, jina zima. Karatasi ziliingia katika bahasha ya kahawia pamoja na utepe, waya na bahasha ndogo nne za mchanga. Kichujio kilifungwa kando kwa kamba. Jostein aliwasha gari la kusukuma theluji, kwa kuwa hakuna gari jingine ambalo lingefika, na watu watatu walibanana katika kiti kimoja hadi gatini.

Meli ilikuwa imekwisha kufungua kamba moja. Karani wa barua, ndevu zimeganda, aliinama juu ya reli na kunyoosha mkono.

"Haraka, bwana! Umeifunga hiyo?"

Haikuwa imefungwa. Eilif aliitazama bahasha wazi, na ndani yake ule ukurasa wa mwisho, ambao ungeweza kutoka kwa vidole viwili na hakuna sheria ambayo ingevunjika. Hakumtazama Torleif. Alipitisha ulimi kwenye gundi, ambayo ilikuwa baridi na chungu, akabana bahasha juu ya goti lake kwa ngumi, mara moja, mara mbili, mpaka ikashika. Kisha akamkabidhi karani, kichujio kwanza, bahasha baadaye.

Karani aliipokea, akaisoma anwani, akaitumbukiza ndani ya gunia. Kamba ya pili ilifunguliwa. Pengo la maji meusi kati ya gati na meli likawa hatua moja, likawa hatua tatu, likawa pana.